Kekeo wa San Pedro na visima vilivyo mbali naye

Wageni ninaokwenda nao Mto San Pedro, kusini mwa Arizona, huinua darubini mara tu wakishuka garini. Nawaelewa. Umesafiri jangwani bila kuona kitu kirefu kuliko kichaka, mara unakutana na ukanda wa kijani wa miti ya mipopla na mierebi uliojaa sauti. Ndege walioonekana hapa wanakaribia aina 350, wengi wao wasafiri wanaopita kati ya Amerika ya Kusini na Kaskazini. Mwaka 1988 Bunge la Marekani lilitenga takriban hekta 23,000 kwa urefu wa kilomita 64 hivi za mto, hifadhi ya kwanza ya taifa iliyoundwa mahsusi kwa ajili ya kingo za mto.

Mimi kazi yangu ni maji ya chini ya ardhi. Kwa hiyo nawaomba wageni waupe mto kisogo kwanza, watazame milima ya Huachuca. Mvua na theluji inayodondoka kule huzama miguuni mwa milima, kisha hutambaa chini ya ardhi kuelekea bondeni kwa muda mrefu mno, pengine kwa karne kadhaa, hadi ichuruzike mtoni. Mwezi Juni, kabla mvua za kiangazi hazijafika, karibu maji yote unayoyaona yakitiririka ni hayo. Mawingu hayana mchango wowote siku hiyo.

Na Juni ndio mwezi ambao ndege aitwaye kekeo mwenye mdomo wa manjano anawasili kutoka Amerika ya Kusini. Yule wa magharibi mwa Marekani aliwekwa mwaka 2014 katika orodha ya viumbe walio hatarini. Kekeo huyu ana haraka ya ajabu: tangu yai litagwe mpaka kinda atoke kiotani ni kama siku 17 tu. Haraka hiyo inataka chakula tele, yaani viwavi, panzi na nyenje, na wadudu hao wanataka majani mabichi, tena mengi. Vijiti vichache vilivyosimama kando ya maji havimtoshi. Anatafuta msitu mpana, makumi ya hekta zilizoungana.

Sasa mpopla wenyewe. Huu ni mti usiovumilia kiu hata kidogo. Maji ya ardhini yakishuka zaidi ya mita tatu hivi chini ya uso wa ardhi, mapovu ya hewa huziba mishipa inayopandisha maji, na matawi ya juu huanza kukauka. Ukiona mpopla wenye kilele kikavu, usilaumu joto kabla hujauliza kina cha maji. Miche ndiyo yenye mtihani mgumu zaidi. Mbegu huruka majira ya machipuko na huishi wiki chache tu. Lazima iangukie tope tupu lililoachwa na mafuriko, kisha mzizi ukimbizane na maji yanayoshuka. Yakishuka taratibu, sentimita mbili au tatu kwa siku, mzizi unayafuata. Yakishuka kwa kasi zaidi, mche unakufa. San Pedro hauna bwawa kubwa linaloyazuia mafuriko, na hiyo ni neema ambayo mito mingi ya jangwa hilo imeipoteza.

Tatizo lake liko visimani. Kisima kirefu kilichochimbwa kilomita kadhaa kutoka mtoni hakinyonyi mto papo hapo. Kwanza hutoa maji yaliyohifadhiwa mahali pake na kuacha shimo la umbo la faneli chini ya ardhi; faneli hiyo hupanuka mwaka baada ya mwaka, ikikatiza njia maji yaliyokuwa yakielekea mtoni. Hata pampu ikizimwa leo, shimo litaendelea kujijaza kwa maji hayo hayo kwa miaka mingi. Julai 2005 kipimo cha mtiririko wa mto mahali paitwapo Charleston kilisoma sifuri kwa mara ya kwanza katika historia yake.

Sheria ya Arizona, kwa bahati mbaya, inayaona maji ya mtoni na ya kisimani kama vitu viwili tofauti. Sheria ya mwaka 1980 ya kudhibiti uvutaji wa maji ya ardhini iliyalenga maeneo kama Phoenix na Tucson, ikaliacha bonde hili nje. Kwa hiyo mpaka wa hifadhi unamzuia mtu kukata mti, lakini hauzuii maji ya mti huo kuchukuliwa kutoka nje ya uzio. Hili linaniuma kuliko jambo lingine lolote katika kazi yangu.

Mengine yamewezekana. Ng'ombe waliondolewa kingoni mwishoni mwa 1987, nyasi na vichaka vikarudi, na ndege wanaozaliana wakaongezeka sana ndani ya miaka michache. Kambi ya jeshi ya Fort Huachuca imepunguza mno maji inayoyavuta ardhini. Mji wa Sierra Vista husafisha majitaka na kuyarudisha ardhini kwenye mabwawa yaliyo kati ya visima na mto, ili yajenge kilima cha maji kinachoukinga mto na ile faneli. Huo ndio uhifadhi wa ndege ninaouamini, ingawa hakuna anayekuja kuupiga picha.

Je, mitamariski ing'olewe? Wageni huniuliza hilo mara nyingi. Ni mti mgeni na hupenya palipokauka, kweli, lakini tusiharakishe kuung'oa. Kwenye Mto Virgin, Utah, wadudu mbawakavu walioletwa kuula waliupukutisha majani huku mdaka-inzi wa mierebi, ndege aliye hatarini kutoweka, akiwa ameshaanza kujenga viota ndani yake. Mwaka 2010 serikali ilisitisha mpango huo. Rudisha maji kwanza, mierebi iote, ndipo ushike shoka.

Kila Juni, tangu 1999, watu wa kujitolea wakiongozwa na shirika la uhifadhi la The Nature Conservancy huutembea mto wakiandika wapi pana maji na wapi ni mchanga mtupu. Ramani hiyo huwa naifungua kabla ya orodha yoyote ya ndege.