Kilomita za dashibodi: namna ya kupima mwendo wa gari lililotumika kabla ya kulipa

Malalamiko ya kushushwa kwa kilomita, yaani mita ya dashibodi kurudishwa nyuma ili gari lionekane limetembea kidogo, hutufikia yakiwa yamechelewa. Gari limeshalipiwa, limeshasajiliwa, limeshapelekwa kwa fundi, na fundi ndiye anayemwambia mwenye gari kwamba injini hii haiwezi kuwa ya kilomita 58,000. Mnunuzi akiulizwa vielelezo, ana kadi ya gari na picha ya tangazo, basi. Makala haya yanaeleza cha kukagua kabla ya malipo na hatua za kufuata kwa aliyekwisha kulipa. Hayamaanishi kwamba kila yadi au kila muuzaji ana hila.

Kwanza tuondoe dhana inayojirudia kila siku: "gari limepita ukaguzi, kwa hiyo kilomita zake ni za kweli." Hapana. Ukaguzi wa magari yaliyotumika kwa kiwango cha ubora cha Tanzania namba TZS 698 unaangalia kama gari linafaa barabarani: breki, usukani, taa, matairi, bodi. Mkaguzi akiandika kilomita, anaandika alichokisoma siku hiyo. Forodha nako ni vivyo hivyo. Kodi hukokotolewa kwa thamani na umri. Gari likizidi miaka minane hubebeshwa ushuru wa bidhaa wa ziada, na likizidi kumi mzigo unapanda tena. Kilomita hazimo kwenye hesabu hiyo. Kwa hiyo tangu gari linashuka melini hadi unakabidhiwa ufunguo, hakuna ofisa ambaye kazi yake ilikuwa kuthibitisha namba ile.

Kwenye magari ya mita za kidijitali, kilomita hutunzwa ndani ya chipu ndogo ya kumbukumbu nyuma ya dashibodi. Mwenye kompyuta na kifaa cha kusoma chipu huitoa namba ya zamani na kuandika anayoitaka. Kwa aina nyingine za magari hafungui hata skrubu moja, anachomeka waya kwenye soketi ya uchunguzi iliyo chini ya usukani na kumaliza kwa dakika chache. Ndiyo maana ule ushauri wa kutafuta mikwaruzo ya bisibisi pembeni mwa dashibodi hautoshi. Kuona tarakimu zilizokaa upande kulisaidia enzi za mita za magurudumu ya tarakimu. Leo gari lenye mita hizo ni la nadra.

Ushahidi wenye nguvu uko kwenye karatasi, na kwa magari ya Japani karatasi zipo. Gari la abiria la mtu binafsi kule hupita ukaguzi wa lazima uitwao shaken mara ya kwanza likiwa na miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Tangu mwaka 2004 kilomita zilizosomwa siku ya ukaguzi huandikwa kwenye kumbukumbu zake. Gari dogo la mizigo, kama Toyota Probox iliyosajiliwa kama van (modeli NCP50 au NCP51), hukaguliwa kila mwaka baada ya miaka miwili ya mwanzo, hivyo lina rekodi nyingi zaidi. Gari linapofutiwa usajili ili lisafirishwe, hutolewa cheti cha kuuza nje, na kilomita za ukaguzi uliopita hukaa kwenye kisanduku cha maelezo ya ziada. Wauzaji wengi hukupa tafsiri ya Kiingereza iliyochapwa na kampuni yao wenyewe. Tafsiri hiyo si cheti. Dai nakala ya Kijapani. Hata usipojua herufi moja, tarakimu ni zilezile. Angalia pia kwamba kilomita hizo zinaishia na sifuri mbili, kwa kuwa shaken hukata namba hadi mamia: 83,462 huandikwa 83,400. Karatasi inayodai kuwa rekodi ya shaken huku ina 83,462 kamili ina maswali ya kujibu.

Miaka kwenye karatasi hizo mara nyingi ni ya enzi za kifalme. Ya Heisei jumlisha 1988, ya Reiwa jumlisha 2018. Heisei 24 ni 2012, Reiwa 3 ni 2021.

Sasa fanya hesabu. Tuchukue mfano wa gari lililosajiliwa mara ya kwanza mwaka 2012, shaken ya 2019 ikasoma kilomita 71,300 na ya 2021 ikasoma 88,600. Hapo gari lilikuwa likitembea takriban 8,650 kwa mwaka, kiasi cha kawaida, maana wafanyabiashara wa Japani wenyewe hukadiria kama 10,000 kwa mwaka kwa gari la familia. Likiuzwa mnadani mwaka 2023 lingetegemewa kuwa karibu na 105,000. Dashibodi ikisoma 62,000, hakuna cha kujadili. Ikisoma 90,000, usiridhike kwa sababu tu imezidi 88,600. Muulize muuzaji gari lilikaa wapi miaka miwili bila kutembea. Anayeshusha kilomita kwa akili hushusha hadi juu kidogo ya rekodi ya mwisho.

Karatasi ya mnada, yaani fomu ya hali ya gari inayojazwa na mnada, ni ya pili kwa umuhimu, nayo ndiyo inayoghushiwa zaidi. Minada ya Japani hulinganisha kilomita za gari na zile za mara lilipopita mnadani huko nyuma, na likitiliwa shaka au likiwa limebadilishwa mita huwekewa alama au maneno pembeni ya namba. Alama hutofautiana kati ya mnada na mnada, kwa hiyo usikariri moja. Karatasi inayotumwa WhatsApp ikiwa na ukungu hasa kwenye kona ya kilomita, ihesabu kama haipo. Chukua namba kamili ya chesisi uliyoisoma mwenyewe kwenye chuma na uagize nakala kupitia huduma inayojitegemea. Ada yake ni ndogo sana ukilinganisha na bei ya gari. Kubadilishwa mita si kosa lenyewe, mita huharibika. Kosa ni kuficha.

Kwa gari la Uingereza kazi ni nyepesi zaidi. Historia ya ukaguzi wao wa kila mwaka, MOT, inapatikana bure kwenye tovuti ya serikali yao, na unachohitaji ni namba ya usajili ya kule. Picha za tangazo zikiwa zimefuta namba hiyo, iombe. Kumbuka kule husoma maili. Wapo wanaonunua gari la "elfu sitini" wakidhani ni kilomita. Maili 60,000 ni kama kilomita 96,560. Hapo hakuna aliyekudanganya.

Ukiwa mbele ya gari lenyewe, anza na kompyuta ya kupimia. Gari nyingi hutunza umbali uliotembewa tangu kumbukumbu za hitilafu zilipofutwa mara ya mwisho. Dashibodi ikiwa inasoma 48,000 na kompyuta ya injini inasema gari limetembea 61,000 tangu hitilafu zifutwe, mjadala umekwisha. Kinyume chake hakithibitishi lolote, kwa kuwa kufuta hitilafu hurudisha hesabu hiyo sifuri, na hata isipofutwa huishia kilomita 65,535. Kwa BMW, Mercedes-Benz au Volkswagen, mwambie fundi asome kompyuta zote za gari, ikiwemo ya giaboksi na ya breki. Baadhi hutunza kilomita zake, na aliyeshusha dashibodi mara nyingi husahau kimojawapo. Toyota ndogo kwa kawaida hazitunzi kumbukumbu hizo.

Kisha vua kava za viti. Gari la usukani wa kulia huingiwa upande wa kulia, kwa hiyo ukingo wa kulia wa kiti cha dereva ndio huchoka kwanza: sponji imelegea, kitambaa kimeota nywele. Tazama raba ya pedeli ya breki. Iliyolika hadi michirizi imepotea haiendani na kilomita 40,000, na mpya kabisa kwenye gari la miaka kumi inauliza kwa nini ilibadilishwa. Diski za breki zina maandishi MIN TH na unene wa chini unaoruhusiwa, zipimwe. Fungua mlango wa dereva uangalie nguzo yake, ambako gereji za Japani hubandika stika ya kubadilisha oili au mkanda wa taimingi yenye tarehe na kilomita. Ukikuta alama ya gundi ya mstatili bila stika, mtu aliibandua. Injini iliyooshwa ikang'aa haikuambii chochote, na sielewi kwa nini bado inawavutia watu.

Jambo hili si la bei tu. Injini yenye mkanda wa taimingi, kama 1KD ya dizeli kwenye Prado na Hiace, hubadilishwa mkanda kwa hesabu ya kilomita. Hesabu ikirudishwa nyuma, mkanda uliopitiliza hubaki kazini hadi ukatike, na valvu hukutana na pistoni. Na niseme wazi: wateja ndio wanaolipa zaidi kwa ajili ya kilomita za chini. Gari la 120,000 lenye karatasi zinazolingana ni salama kuliko la 45,000 lisilo na hata moja.

Mkataba wa mauziano uandike namba ya chesisi, kilomita zilizosomwa siku ya makabidhiano, na sentensi kwamba muuzaji anathibitisha mita haijarudishwa nyuma. Akitaka kuongeza "kwa kadiri ninavyofahamu" au "gari linauzwa kama lilivyo", elewa kwamba anajitoa kwenye dhamana. Dai risiti ya mashine ya kodi (EFD) yenye bei halisi.

Ukigundua udanganyifu, usiguse dashibodi wala kumruhusu muuzaji "airekebishe". Pata ripoti ya maandishi ya fundi yenye namba ya chesisi, tarehe na vipimo, hifadhi tangazo na ujumbe wote, kisha mwandikie muuzaji barua ukitaja unachodai na muda wa kujibu. Asipojibu, Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003 inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa, na Tume ya Ushindani (FCC) inaweza kutoza faini ya hadi asilimia 10 ya mauzo ya mwaka ya mfanyabiashara. Faini hiyo haiingii mfukoni mwako. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, lenye kifungo cha hadi miaka 7, na huripotiwa polisi. Lakini kutofautiana kwa kilomita peke yake hakuthibitishi kwamba muuzaji alijua, hivyo ujumbe na tangazo lake vina uzito. Fedha zako hudaiwa kwa njia ya madai. Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai ya mali inayohamishika yasiyozidi shilingi milioni 30. Zaidi ya hapo nenda Mahakama ya Wilaya, ukiwa na nakala halisi za karatasi na si picha za simu.