Usajili wa chuo cha ufundi: pesa ipite benki, diploma iwe ya kweli

Usajili unapoanza hapa Lubumbashi, apariteri yetu, yaani ofisi ya usajili, hupokea wazazi kutoka Katuba, Ruashi na Kampemba, na wengine waliopanda gari usiku kutoka Likasi au Kasenga. Safari hii malalamiko yameongezeka. Mzazi ametoa pesa kwa komisionere, dalali wa nje ya geti, amepewa risiti yenye mhuri, na jina la mtoto halimo kwenye orodha. Hatuwashuku wazazi hawa. Walitaka mtoto asome. Lakini chuo cha Leta, yaani cha Serikali, hakiwezi kutambua pesa ambayo haikuingia kwenye akaunti yake.

Minerivali, yaani ada ya masomo, hulipwa benki peke yake. Bordero, karatasi ya malipo ya benki, iandikwe jina la mwanafunzi, si la mjomba aliyeleta pesa, na majina yote yafuate mpangilio uleule ulio kwenye diploma ya Leta, ile ya kumaliza sekondari. Herufi moja ikitofautiana, malipo yanabaki yakielea mpaka benki itoe uthibitisho, na uthibitisho huo huchukua muda. Halafu leteni bordero yenyewe, si picha yake kwenye simu. Jambo hili tunalirudia kila mwaka, na kila mwaka mtu anatuonyesha simu.

Jambo zito zaidi ni diploma hiyo. Mtihani wa Serikali unaoitoa, ulioanza mwaka 1967, ni wa nchi nzima. Asilimia ikishatangazwa, prefe, mkuu wa shule, hana uwezo wa kuiongeza, wala barua yake haiibadilishi. Hata hivyo tunaletewa karatasi ambapo 52 imegeuzwa kuwa 62, au buletini, ripoti za alama, za miaka miwili ya mwisho ya sekondari zilizoandikwa kwa mkono mmoja na wino mmoja. Wengine hudhani kwamba faili likipokelewa dirishani, basi limekwisha kukubaliwa. Sivyo. Kupokea ni kupokea tu. Uhakiki unakuja baadaye, na wakaguzi wa wizara wanaweza kulifungua faili wakati kijana yuko mwaka wa mwisho, mzazi amekwisha kuuza kiwanja.

Hapo sheria iko wazi. Kifungu cha 124 cha kanuni ya adhabu kinampa mtu aliyeghushi maandishi kwa nia ya udanganyifu kifungo cha miezi sita hadi miaka mitano, pamoja na faini, au moja ya adhabu hizo. Kifungu cha 126 kinamwadhibu anayetumia karatasi hiyo kwa kusudi kana kwamba ndiye aliyeitengeneza. Kwa hiyo kusema "ni komisionere aliyeandika" hakumwokoi mtu aliyeijua karatasi yake na bado akaileta. Kwa upande wa chuo, usajili unafutwa na matokeo ya miaka yote yanaanguka pamoja nao.

Kuhusu LMD, mfumo mpya wa lisansi, masta na udaktari, wazazi wanatuuliza bei ya krediti. Krediti haina bei; ni kipimo cha masomo ambayo mwanafunzi amefaulu. Muhula una krediti 30, mwaka 60, na lisansi ya miaka mitatu 180. Aliyekosa krediti za kozi anaifanya tena kozi hiyo hadi afaulu. Na lisansi hii si ile ya zamani iliyokuja baada ya miaka mitatu ya gradua na miwili ya juu yake. Anayetaka kufika miaka mitano sasa anaendelea na masta. Mwenye gradua ya zamani asitishwe na mtu yeyote: diploma yake haikufa.

Mama au baba aliyekwisha kumpa komisionere pesa aje ofisini na karatasi aliyopewa, na namba ya simu aliyotumia kutuma pesa kama ipo. Tunajua wengi wanaona haya kuja. Waje hivyo hivyo, kwa sababu bila karatasi hiyo hatuna cha kuweka mezani kwa parike, ofisi ya mwendesha mashtaka.