Presha ukiwa na miaka 45, kumbukumbu ukiwa na 75

Kila mzee anayesahau ana demensia?

Hapana. Demensia ni ugonjwa wa ubongo unaopunguza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri hadi mtu kushindwa shughuli zake za kila siku. Uzee ni kitu kingine. Ubongo huzeeka kama magoti: kasi hupungua, jina la mtu hukwama kisha hurudi jioni. Mama akisahau alipoweka miwani, huo ni uzee. Akipotea kwenye njia ya sokoni aliyoizoea miaka 30, huo ni ugonjwa. Na akichanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, msiseme "ni uzee tu". Huenda ni malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, kupungukiwa maji au dawa anazotumia. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Ambaye hakusoma atapimwaje?

Vipimo vingi hudai kuandika na kuchora, kwa hiyo vinamwonea. Watafiti waliofanya kazi wilayani Hai, Kilimanjaro, walitengeneza kipimo cha IDEA, kisichohitaji kalamu. Mzee huulizwa daraja ni nini, hutaja wanyama kwa dakika moja, hukumbuka orodha ya maneno 10 aliyosomewa, kisha hupanga njiti nne za kiberiti kwa kufuata mfano. Huko Hai, takriban 6 kati ya kila 100 wenye miaka 70 na zaidi walikutwa na demensia, kwa hiyo si ugonjwa wa Wazungu. Alama ndogo peke yake haithibitishi ugonjwa: daktari aangalie pia masikio, macho, vitamini B12, tezi ya shingo na sonona.

Presha inahusikaje?

Vishipa vinavyolisha sehemu za ndani za ubongo ni vyembamba mno. Vikipigwa na presha miaka mingi, kuta hunenepa na kukakamaa, njia ya damu husinyaa. Nyuzi zinazounganisha sehemu za ubongo hukosa chakula kidogo kidogo, bila maumivu yoyote. Mara nyingi mtu huwa mzito wa kupanga mambo kabla hata hajaanza kusahau.

Jopo la wataalamu wa jarida la tiba la Lancet lilitaja mwaka 2024 vihatarishi 14 vya demensia, presha ya umri wa kati ikiwemo, na kukadiria kwamba karibu asilimia 45 ya demensia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Utafiti wa SPRINT MIND wa Marekani (2019), wenye watu zaidi ya 9,000 wa miaka 50 na kuendelea, ulionyesha kuwa kushusha namba ya juu ya presha iwe chini ya 120, badala ya chini ya 140, kulipunguza udhaifu mdogo wa kumbukumbu na kufikiri, ambao huweza kutangulia demensia, kwa asilimia 19. Kwa demensia yenyewe tofauti haikutosha kuthibitisha. Usijiwekee 120 mwenyewe: mzee anayepata kizunguzungu akisimama anaweza kuanguka na kuvunjika nyonga.

Nipimeje nyumbani?

Hapa ndipo wengi hukosea. Nusu saa kabla, usinywe kahawa wala kuvuta sigara. Nenda haja ndogo. Keti dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo chini, miguu isipishane. Mkono usiwe na nguo, uwe juu ya meza, usawa wa moyo. Usizungumze. Pima mara mbili kwa kuachanisha dakika moja, asubuhi na jioni, siku 7, ukiandika kila namba. Tupa za siku ya kwanza, tafuta wastani wa zilizobaki. Ukifika 135/85 au zaidi, nenda kliniki na daftari lako. Mkanda mdogo wa mashine ya presha kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa ya uongo, nunua unaokutosha.

Presha imeshuka, niache dawa?

Imeshuka kwa sababu ya dawa. Ukiacha, hupanda tena kimyakimya, na kusubiri kichwa kiume ndipo umeze ni kuviacha vile vishipa vikipigwa. Dawa ikikuletea kikohozi au kuvimba miguu, rudi ubadilishiwe. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na iliyomo kwenye mkate na vidonge vya mchuzi.

Na baba asiyesikia vizuri?

Kutosikia nako ni miongoni mwa vile vihatarishi 14 vya demensia. Anza na jambo rahisi: achunguzwe kama nta imeziba, na isitolewe kwa njiti ya kiberiti.