Muuza samaki halazimiki kuweka samaki kwenye nembo

Ombi lile lile limenifikia tena wiki hii, safari hii kutoka kwa mwenye duka la samaki Kongowea: "Kaka, nataka logo ambayo mtu akiiona tu ajue nauza nini. Weka samaki, weka mawimbi, weka mashua, na Pembe za Ndovu kwa nyuma ijulikane ni Mombasa." Mwenye gereji hutaka spana. Daktari wa meno hutaka jino. Nimechoka kulijibu mteja mmoja mmoja kwenye WhatsApp, kwa hivyo nalijibu hapa.

Kusema unauza nini ni kazi ya bango. Andika "Samaki wabichi, jumla na rejareja" chini ya jina lako na kila mpita njia atajua. Nembo ina kazi nyingine: aliyenunua kwako jana akutambue leo kwa mbali, katikati ya safu ya maduka yanayouza kitu kile kile. Hapo ndipo samaki anapokuangusha, maana jirani zako nao wanaye. Umetoa pesa ufanane na washindani wako.

Shell huuza mafuta na alama yake ni kombe la bahari. Asili yake ni familia ya Samuel ya London, ambayo miongoni mwa bidhaa zake ilikuwa ikiuza makombe. Anayejaza tangi Changamwe hana habari na historia hiyo, na bado anaijua Shell akiwa mbali. Alama ya Nike ilichorwa na Carolyn Davidson mwaka 1971 kwa dola 35, na haina kiatu ndani yake. Hapa kwetu, chukua leso uitazame pembeni: "K.H.E. Mali ya Abdulla". Ni Kaderdina Hajee Essak wa Mtaa wa Biashara. Herufi tatu na maneno matatu, bila mchoro wowote wa nguo, na kina mama huyatafuta maandishi hayo wakitaka kujua leso ni ya nani.

Sisemi picha ni haramu. Shida ni picha ambayo kila mtu anayo. Samaki anaweza kufaa kama umbo lake limetoka kwenye herufi ya jina lako, au kama umemchora kwa namna ambayo mwingine akiiga ataonekana mwizi. Lakini samaki aliyepakuliwa intaneti, anayetazama kushoto, na povu tatu juu ya kichwa? Huyo si wako. Pembe za Ndovu ndiyo zaidi. Nimeziona kwa wakala wa utalii, kwa duka la dawa, kwa shule, kwa muuza matairi. Zinasema uko Mombasa, na mteja wako aliyesimama Mombasa hahitaji kuambiwa. Hata kisheria hujisaidii. Ukisajili alama KIPI, taasisi ya serikali ya Kenya inayosajili alama za biashara, unapata ulinzi wa miaka 10 unaoweza kuhuishwa, lakini alama inayoelezea bidhaa tu ni ngumu kusajiliwa, na hakuna atakayekupa umiliki wa samaki wa kawaida dhidi ya wauza samaki wengine.

Ya kiufundi nayapitia haraka. Nembo ichorwe kwa rangi nyeusi kwanza, kwa sababu risiti ya printa ya joto haina rangi nyingine, na muhuri huwa na rangi moja tu. Isomeke ndani ya kiduara cha WhatsApp na kwenye mgongo wa tuktuk inayokwenda. Mistari myembamba hufa ikidariziwa kwenye fulana. Dai faili ya vekta, yaani mchoro unaokuzwa bila kupoteza ubora. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp imeshabanwa, ukiikuza kwa bango itatoka na ukungu. Na jua letu hula nyekundu na njano kabla ya buluu na nyeusi, basi bango linalotazama magharibi lisitegemee nyekundu peke yake.

Kuhusu maana ya rangi, hapo nina shaka na vitabu. Husema buluu huleta imani. Barclays ya Kenya ilikuwa buluu, ikawa Absa mwezi Februari 2020 na kugeuka nyekundu, na watu wanaendelea kuweka pesa. Safaricom ni kijani na M-Pesa inabeba riziki za watu tangu 2007. Naona biashara ndiyo huipa rangi maana, na mimi huchagua rangi ambayo jirani hana.

Shaka yangu kubwa ni nyingine. Duka likinawiri baada ya nembo mpya, siwezi kutenganisha nembo na barafu safi, mizani ya haki na muuzaji mwenye kauli nzuri. Kama una meza moja na wateja wanakuita kwa jina, sijui kama unahitaji nembo kwa sasa. Jina lililoandikwa kwa herufi nene, rangi moja, mwandiko ule ule kwenye bango, kwenye fulana na kwenye stika ya Till (namba ya kulipia kwa M-Pesa), latosha mpaka ufungue duka la pili.