Kusamehewa si kutenguliwa hukumu

Nimesikia tena, safari hii redioni: Kapteni Dreyfus wa Ufaransa alihukumiwa na mahakama ya kijeshi, "baadaye akasamehewa, jina lake likasafishika." Hapana. Msamaha haukumsafisha.

Kwa ufupi: msamaha wa rais humwondolea mtu adhabu. Kutengua hukumu ni mahakama ya juu kuifuta hukumu yenyewe.

Lugha yetu inatuonya. Samehe tumeitoa kwenye Kiarabu, na tunaitumia mpaka kwenye madeni. Sasa nani amewahi kusamehewa deni asilodaiwa? Tengua ni ukoo mwingine. Hiyo -ua ya mwisho ndiyo ya fungua, kunjua na zibua: hurudisha nyuma kilichofanyika. Udhu ukitenguka, huna udhu, basi. Na uteuzi wa mkuu wa wilaya ukitenguliwa, hata dereva wake anaelewa.

Dreyfus alitiwa hatiani Desemba 1894 kwamba aliwapa Wajerumani siri za jeshi, akafungwa Kisiwa cha Shetani, huko Guyana ya Ufaransa. Mwaka 1899 kesi ikasikilizwa upya mjini Rennes. Wanajeshi wenzake wakamtia hatiani tena, miaka 10, eti zipo sababu za kumpunguzia. (Msaliti wa nchi apunguziwe kwa lipi?) Siku 10 baadaye Rais Émile Loubet akamsamehe, naye Dreyfus ilibidi kwanza aondoe rufaa yake. Hapo watetezi wake wakagombana wenyewe kwa wenyewe. Mmoja wao, mwanasiasa Clemenceau, hakuutaka kabisa msamaha huo. Dreyfus aliupokea akiwa hoi kwa maradhi, lakini akatangaza kwamba uhuru bila heshima kwake si kitu, na kwamba ataendelea kudai haki.

Julai 1906 mahakama ya juu kabisa ya Ufaransa ikaitengua hukumu ya Rennes, tena bila kuirudisha kesi kwa wanajeshi. Wapinzani wa Dreyfus wakapiga kelele kwamba majaji wa kiraia wamelipora jeshi kesi yake. Majaji waliona hakuna kosa lililobaki la kumshitaki nalo, sasa mahakama ya kijeshi irudishiwe kesi ihukumu nini? Dreyfus akarejeshwa jeshini, akapandishwa cheo kuwa meja.

Basi ndugu mtangazaji, wala sikugombezi: ukifika 1899, sema alisamehewa. Ukifika 1906, sema hukumu ilitenguliwa.