Ahadi ya usalama na afya kazini: maana yake katika idara ya tiba ya chuo kikuu

Katika idara ya tiba ya chuo kikuu, karibu na mlango wa maabara, huenda ukaona karatasi yenye nembo, aya chache na saini ya mkuu wa idara. Hiyo ndiyo ahadi ya usalama na afya kazini. Ni tamko la maandishi ambalo kwalo uongozi unakubali kwamba jukumu la kuwakinga watu na ajali na maradhi ya kazini ni lake, na unataja utafanya nini kulitimiza.

Ahadi si sawa na kanuni za maabara. Kanuni humwambia mdogo: vaa glovu, usile humu ndani, funga nywele. Ahadi inamfunga mkubwa, maana ndiye mwenye fungu la fedha na ndiye anayeweza kusimamisha somo glovu zikiisha stoo. Karatasi inayoorodhesha wajibu wa wadogo peke yao mimi siiiti ahadi.

Mambo ya kazi si ya Muungano wa Tanzania, kwa hiyo Zanzibar ina sheria yake, Sheria ya Usalama na Afya Kazini Nam. 8 ya mwaka 2005. Sheria inazungumza na sehemu za kazi kwa jumla. Ahadi ya idara inazungumza na vyumba vyake, na vyumba vya tiba vina hatari zake. Kwenye chumba cha anatomia kuna fomalini, dawa ya kuhifadhia maiti, ambayo mvuke wake huwasha macho na koo, na huzidi joto linapopanda msimu wa kaskazi. Barakoa ya kawaida haizuii mvuke huo. Panatakiwa feni za kutoa hewa nje, na feni hanunui mwanafunzi.

Hatari inayonigusa zaidi ni sindano. Mtu asiyechanjwa akichomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa wa homa ya ini aina ya B, uwezekano wa kuambukizwa unaweza kufika 30 kwa 100. Kwa VVU ni karibu 3 kwa 1,000. Chanjo ya homa ya ini kwa kawaida ni dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu mwezi wa 6. Basi idara inayoandika kwamba hakuna mwanafunzi atakayeingia wodini bila kumaliza chanjo imejipa kazi ya kuagiza dawa nusu mwaka kabla. Hapo ndipo utakapojua kama aliyetia saini alikusudia alichoandika.

Niliwahi kuchomwa nikiwa mwanafunzi, saa nne usiku. Karatasi ilikuwepo ukutani, imeandikwa vizuri, lakini haikuwa na namba ya simu wala haikusema niende kwa nani. Nilikiosha kidole kwa sabuni, nikakaa mpaka asubuhi nikiogopa kuulizwa kwa nini sikuwa makini. Dawa za kinga ya VVU huanzwa mapema iwezekanavyo, isipite saa 72, kisha hunywewa siku 28. Kila saa niliyokaa kimya ilikuwa hasara. Tangu hapo, nikisoma ahadi yoyote natafuta kwanza mambo mawili: nani anapigiwa simu usiku, na kama imeandikwa waziwazi kwamba anayeripoti haadhibiwi.

Natazama pia inamfikia nani. Mwanafunzi akipelekwa mafunzoni Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, bahari iko kati yake na idara ya Unguja, hivyo ahadi lazima itaje pa kukimbilia huko Pemba. Hana mkataba wa ajira, lakini damu anayoishika ni ile ile anayoishika daktari.

Na yupo mfagiaji. Sindano iliyotupwa kwenye taka za kawaida badala ya kisanduku chake hutoboa mfuko wa plastiki na kumchoma yeye, ambaye hata hajui ilitoka kwa mgonjwa yupi. Karatasi ikiwa ya Kiingereza kitupu, yeye huipangusa vumbi tu kila siku. Iandikwe kwa Kiswahili, isomwe kwa sauti kikaoni naye akiwepo, na jina lake liwemo kwenye orodha ile ile ya chanjo pamoja na madaktari.