Miti Haipandwi Muheza, Lakini Si kwa Ujinga

Kwenye kikao cha kata wiki iliyopita, nje kidogo ya Muheza, mtaalamu mwenzangu alisimama akasema yale yale: ardhi imechoka kwa sababu watu wamezaana na hawana elimu ya kupanda miti. Nimefanya kazi ya misitu mkoa huu miaka kumi na minane, na kauli hiyo sasa inanitia hasira.

Wamezaana? Wazee wengi waliokaa pale ni watoto wa manamba. Baba zao waliletwa kutoka Songea, Kigoma, hadi Burundi, kuja kukata mkonge. Msitu wa tambarare ulifyekwa ili mkonge uingie. Mkonge ulianza Kikogwe, Pangani, mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf alipopata miche 62 tu iliyo hai kati ya 1,000 aliyoagiza. Kufikia 1964 nchi nzima ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Kamba za plastiki zikaangusha bei, mashamba mengi yakataifishwa 1967, korona, yaani mitambo ya kusindika mkonge, zikanyamaza moja moja. Hayo yameandikwa sana.

Linalorukwa ni hili: mkonge ulikufa, watu wakabaki, na hati ya shamba ikabaki kwa mtu mwingine. Ukiomba kulima unaruhusiwa mahindi na maharage. Mazao ya kudumu, marufuku. Kwa nini? Kwa sababu huku kwetu mti ni ushahidi. Mnazi una mwenyewe hata ukiwa kwenye kiwanja cha mwingine, na aliyepanda mwembe ameshaweka dai. Mwenye hati analijua hilo, mkulima naye analijua. Mzee mmoja alinipeleka nyuma ya nyumba yake akanionyesha visiki saba vya michungwa, vimepangana mstari. Msimamizi wa shamba aliikata mwaka ule ule ilipoanza kuzaa. Siku hizi mzee analima mahindi hadi ukingoni mwa kijito, na kila masika udongo unateremka na maji. Huyu tumwitie semina ya kupanda miti?

Kuna jambo linanisumbua, na sijawahi kuliandika kwenye ripoti. Nawajua wakulima wenye hati zao za kimila, hakuna wa kuwagusa, na bado walikata mivule yao wakauza mbao ili watoto walipiwe ada. Kwa hiyo siwezi kuapa kwamba haki ya ardhi peke yake itarudisha miti.

Ila kikao kijacho nitaomba ramani ya mipaka ya shamba iletwe kwanza, miche baadaye.